Hapa Panatosha, Dereva

Mansuri alikuwa dereva wa miaka mingi na hajapata kugonga hata kuku. Labda ndiyo maana ndoto ile ilimwumiza kuliko ambavyo ingemwumiza mtu mwingine.

Aliota anaendesha lori la wafanyakazi, lilelile Isuzu la kiwanda cha mablanketi, lenye turubai la kijani na mabenchi ya mbao nyuma. Anashuka nalo kutoka juu kabisa mlimani, kule ambako lori halijapata kufika kwa sababu njia yenyewe ni ya miguu, ya wanawake wenye matenga ya ndizi vichwani. Akikanyaga breki, mguu unazama kama umekanyaga ugali wa moto. Usukani nao umefumwa kwa nyuzi za blanketi, na kila akikata kona uzi mmoja unafumuka. Katikati ya njia Meneja wa kiwanda amelala kitandani, amejifunika gubigubi. Lori likapita juu yake bila hata kuruka, naye akageukia upande wa pili akaendelea kulala.

Kisha akasikia mtu anagonga bodi.

"Hapa panatosha, dereva," sauti ikasema kwa adabu.

Ndivyo wafanyakazi walivyosema kila jioni walipofika kwao. Mansuri akaitikia, "Ngoja nisimamishe." Lakini lori halikusimama. Akamwona kwenye kioo cha pembeni, Martina wa idara ya kusokota nyuzi, akishuka vivyo hivyo gari likiwa linakwenda, na chini ni korongo. Hakupiga kelele. Khanga yake ilijaa upepo, akazama taratibu kama mtu ashukaye ngazi. Akagonga wa pili. "Hapa panatosha. Asante, dereva." Akafuata wa tatu, na wengine nyuma yake, kila mmoja anashukuru. Mansuri anakanyaga, anakanyaga, na ugali unapanda mpaka gotini.

Alipofika getini kiwandani, lori lilikuwa tupu. Mlinzi akatazama saa yake, akatabasamu. "Umewahi leo, mzee."

Alipoamka alfajiri, mguu wake wa kulia ulikuwa bado unakandamiza godoro. Mkewe Mwanvita alikuwa amekwisha kuuona.  Aliweka kiganja juu ya lile goti mpaka mguu ukalegea, ndipo akaenda kuinjika chai.

"Kaisemee mtoni," alimwambia baadaye, baada ya kusimuliwa. "Ndoto ikisemwa kwenye maji yanayokwenda, inakwenda nayo."

"Nimechelewa. Watu wananingoja barabarani."

"Basi ifungie mdomoni. Huko kazini usimwambie mtu."

"Nitamwambia mtani wangu."

"Kwani mtani si mtu?"

"Mtani ni jalala, mke wangu. Ndiko takataka zinakotupwa."

Mwanvita alicheka, lakini alimsindikiza mpaka kwenye lori lililolala uani kwao Bigwa, chini ya mlima, na hiyo haikuwa desturi yake.

Mtani mwenyewe alikuwa Yeremia, fundi wa mashine, Mnyamwezi wa Urambo. Mansuri alikuwa Mluguru, na bibi yake aliyemlea kule mlimani alimfundisha kwamba mtani ana kazi zake duniani. Yeye ndiye anayeingia kwenye msiba akicheka. Yeye ndiye anayemwambia mfiwa maneno ambayo ndugu akiyasema yanakuwa ugomvi. Ndoto mbaya ukiipeleka kwa ndugu, inakaa naye. Ukiipeleka kwa mtani akaicheka, imekufa na kuzikwa.

Na miaka ile watu walikuwa na ndoto mbaya nyingi za kuzika. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa. Mablanketi ya mitumba yalikuwa yamejaa sokoni, laini, yenye maua makubwa, na watu waliyapenda, nani angewalaumu? Yale ya kiwandani yalilundikana ghalani yakiliwa na nondo. Wageni wenye mikoba walikuja kupima majengo kwa utepe, na Mansuri ndiye aliyewaendesha kwenye gari dogo la Meneja, lakini ndani ya gari walizungumza lugha yao. Kila mtu alijua kwamba mnunuzi akija watu watapunguzwa. Nani na nani, hilo hakuna aliyelijua.

Saa ya chai, Mansuri alimvuta Yeremia pembeni ya karakana akamsimulia yote. Yeremia hakuicheka ndoto ile kwa kunong'ona. Alipanda juu ya pipa la mafuta.

"Jamani, njooni! Njooni msikie! Mluguru huyu, mla magimbi, usiku amewamwaga wote korongoni! Nyie mmelala majumbani kwenu mnakoroma, mnadhani mko salama, kumbe mko kwenye lori lake!"

Watu wakakusanyika na vikombe vyao.

"Kaa kimya, mpagazi wewe," Mansuri alisema akicheka, na kweli moyo wake ulianza kuwa mwepesi. "Na wewe ulishuka. Tena na mzigo kichwani."

"Sasa Mnyamwezi atashukaje bila mzigo? Na Meneja je, alishukia wapi?"

"Meneja alikuwa amelala kitandani katikati ya njia."

Hapo walicheka mpaka chai ikamwagika. Yeremia aliigiza yote, aligonga pipa kwa kisigino, akabana pua, "Hapa panatosha, dereva, asante," akaruka chini mikono juu. Hata wapishi walitoka jikoni kuangalia.

Kicheko kilipokuwa kinaisha, Martina aliuliza, "Nani alitangulia kushuka?"

Hakuuliza kwa utani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, na nywele zake wakati wote zilikuwa na manyoya ya sufu hata baada ya kujifuta. Alikuwa na watoto wawili na mama yake mzazi, na wote watatu walikula kutokana na mashine yake ya kusokota.

"Sikumbuki, mwanangu," Mansuri alisema. "Ndoto haina mpangilio."

Lakini alichelewa kidogo kujibu, na watu waliona.

Kosa lilikuwa hapo. Kicheko cha mtani kinaua ndoto, sawa. Lakini waliosimama pale na vikombe wengi hawakuwa watani wake. Walikuwa Wachaga, Wahaya, Wamakonde, watu walioletwa mjini na treni na njaa ya kazi. Wao waliipokea ndoto ikiwa hai, wakaenda nayo makwao.

Tangu siku ile hakuna aliyetamka tena maneno yale kwenye lori. Mtu akifika kwake jioni aligonga bodi tu, tena kwa kidole kimoja, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Wengine hata kugonga waliogopa. Walipitishwa vituo vyao wakarudi kwa miguu gizani, wala hawakulalamika. Mansuri alipogundua, alianza kujifunza makwao mmoja mmoja: huyu kwenye mti wa msufi, yule kwenye duka la mafuta ya taa, yule mlango wa msikiti. Akawa anasimama mwenyewe bila kuambiwa. Nao walishuka kimya, wakimpungia mkono bila neno.

Kisha wakaanza kumfuata. Mmoja alimpata kwenye bomba la maji, mwingine alimngojea nyuma ya choo. "Shikamoo, mzee. Samahani, eti mimi nilikuwa kwenye benchi la kulia au la kushoto?" Mzee mmoja wa idara ya rangi alimletea parachichi kutoka shambani kwake, akaziweka kwenye kiti cha dereva, akasimama tu. Hakuuliza chochote. Mansuri angeweza kuvumilia maswali kuliko parachichi zile.

Kwa kila mmoja alisema hakumbuki. Na kwa kila mmoja alikumbuka vizuri mno.

Meneja alipopata habari alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Mzee Mansuri, umewaendesha wageni wangu. Umesikia nini humo garini?"

"Sikusikia kitu, Bwana Meneja. Lugha yao siijui."

"Kwa hiyo mambo haya ya watu kushuka shuka umeyatoa wapi? Unanitilia watu hofu. Mashine zinasimama, watu wanaulizana habari za korongo!"

"Ni ndoto tu, Bwana Meneja. Mtu haamui ataota nini."

 Meneja alikuwa kijana kuliko Mansuri, lakini mwaka ule uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Alikwenda dirishani, akampa mgongo.

"Na mimi," alisema polepole, "ni kweli nilikuwemo?"

"Ulikuwa umelala, Bwana Meneja."

"Nimelala vizuri?"

"Vizuri. Umejifunika."

Meneja alishusha pumzi kama mtu aliyepokea habari njema. "Nenda kazini," alisema. "Na shikamoo, mzee. Nilisahau kukuamkia."

Martina hakuja siku zile za kwanza. Alikuja mwisho, wakati wengine walipochoka kuuliza. Mansuri alikuwa amechuchumaa anapima upepo wa tairi la nyuma.

"Baba," alisema, "kaka yangu ameniita Ifakara. Ana shamba la mpunga, anasema kuna kipande changu nikienda kabla ya mvua. Nisipokwenda atampa mtu mwingine. Sasa nashindwa. Nikiacha kazi na kumbe kiwanda kitanibakiza, nitakuwa nimewatupa wanangu porini. Nikibaki na kumbe natoka, nimekosa vyote. Sikuulizi ya wengine. Niambie ya kwangu tu. Nilishuka?"

Mansuri aliona khanga ikijaa upepo. Aliona kioo cha pembeni. Alilitazama tairi.

"Wewe hukushuka," alisema. "Mpaka naamka ulikuwa umekaa."

"Kweli, baba?"

"Umekaa benchi la kulia. Umeshika kikapu chako."

Martina alichutama. Akachukua kitambaa kilichokuwa chini, akaanza kumfutia matope kwenye boliti za tairi, moja baada ya nyingine, mpaka zikang'aa. Halafu akaenda zake.

Usiku Mansuri alimweleza mkewe. Mwanvita hakumlaumu. "Ungemwambia nini?" aliuliza, akimnyoshea blanketi miguuni. "Na wewe si Mungu." Lakini wote wawili walikaa macho.

Mvua zilianza. Martina hakwenda Ifakara.

Mnunuzi alikuja mwenyewe asubuhi moja, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, na wafanyakazi wote walikusanywa uwanjani. Walikuwa wamejiandaa kusikia majina. Wengine walikuwa wameshikana mikono. Lakini hakuna jina lililoitwa. Mnunuzi alieleza kwamba hatatengeneza mablanketi. Majengo yatakuwa ghala la bidhaa kutoka nje. Kwa hiyo idara ya kusokota imefungwa, ya kufuma imefungwa, ya rangi imefungwa, karakana imefungwa. Aliwashukuru kwa utumishi wao.

"Meneja naye atapumzika," alisema. Meneja aliinamisha kichwa. "Dereva atabaki. Lori linahitajika kwa mizigo. Leo litawarudisha nyumbani kwa mara ya mwisho, kisha litalala hapa kiwandani. Lifike kabla ya jua kuzama, geti litafungwa. Asiyeweza kufuata muda, na yeye atuambie mapema."

Watu wakageuka, wakamtazama Mansuri. Hakuwa na mahali pa kuficha uso. Alitamani hata mmoja amtukane. Badala yake mama mmoja wa kufuma alimshika bega akasema, "Afadhali wewe, mzee. Angalau mmoja wetu."

Jioni ile walipanda kimya. Kila mtu alikuwa amebeba kitu, sufuria ya chai, viatu vya kazini, kipande cha blanketi. Mansuri aliendesha polepole kuliko siku zote, akipita mjini hadi njia ya Bigwa, na mlima mbele yake umevaa mawingu mpaka kiunoni. Breki zilikuwa nzima. Alizijaribu kila mara, bila sababu, na kila mara zilishika.

Alisimama kwenye msufi, wakashuka. Alisimama kwenye duka la mafuta ya taa, wakashuka. Hakuna aliyesema neno, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko msiba. Ndipo Yeremia alipogonga bodi kwa ngumi zote mbili.

"Hapa panatosha, dereva!"

Lori zima lilishtuka.

"Nimesema hapa panatosha, Mluguru kiziwi wewe! Au unataka kunipeleka huko kwenu nikale magimbi?"

Mansuri alisimamisha. Yeremia alishuka na sanduku lake la spana kichwani, akazunguka mpaka dirishani. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa bado wa mtani.

"Umeona? Nimeshuka na mzigo, kama ulivyosema. Mpagazi hawezi kukuangusha." Akaingiza mkono dirishani, akamshika Mansuri mkono. "Nisamehe, mtani. Ndoto niliyopewa nizike, mimi nikaenda kuitembeza sokoni."

"Wewe nenda. Salimia wapagazi wenzako."

Baada ya hapo maneno yalifunguka. "Hapa panatosha, dereva. Asante." "Asante, dereva, hapa panatosha." Waliyasema polepole, kila mmoja kituoni kwake, na Mansuri aliyasikia ya kila mmoja kama alivyoyasikia ndotoni, na hakuweza kuyazuia. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba sasa aliwaona wakikanyaga ardhi.

Penye daraja dogo, kwao Martina, alisimama. Hakuna aliyeshuka. Alingoja, akapiga honi kidogo, akaendelea akidhani ameshukia njiani. Alipofika mwisho wa njia, pale gari linapogeuzia, alikwenda nyuma kufunga turubai, akamkuta. Amekaa peke yake benchi la kulia. Ameshika kikapu.

"Martina, mama, tumepita kwako."

"Najua."

"Shuka basi, nirudishe lori. Jua linazama."

"Ulisema sikushuka," Martina alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Ulisema nilikaa mpaka mwisho. Basi nimekaa."

Mansuri alitazama jua. Lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya vilima vya magharibi. Alifikiria geti. Alifikiria kumshika mkono amteremshe kwa nguvu, akaona aibu kwa kufikiria tu. Mwishowe alipanda, akaketi benchi la kushoto, wakatazamana kama abiria.

"Nilikudanganya," alisema. "Ulikuwa wa kwanza. Kabla ya wote, ulikuwa wewe."

"Nilijua siku ileile."

"Ulijua?"

"Ulitazama tairi, baba. Hukunitazama mimi."

"Sasa mbona hukwenda Ifakara?"

Martina alichomoa unyoya wa sufu kwenye nywele zake, akauviringisha kwenye vidole. "Kwa sababu na mimi sikutaka kwenda. Nilitaka mtu mmoja aniambie nibaki. Siku zile nililala vizuri, nisikufiche. Mama alisema hata nilikuwa naimba." Akauachia upepo. "Shamba kaka ameshampa mwingine. Si kosa lako. Lakini nikishuka hapa, baba, imekwisha. Nikikanyaga chini tu, sina kazi. Hapa juu bado mimi ni mfanyakazi wa kiwanda."

 Mansuri angempa kazi yake mwenyewe kama kazi ingekuwa kitu cha kuvua na kumvisha mtu. Alikaa naye. Upepo wa mlimani ulipita chini ya turubai, na mahali fulani mtu alikuwa anaita mbuzi. Jua likawa nusu kiganja.

"Katika ile ndoto," Martina alisema, "ulisimama nilipokuambia?"

"Nilishindwa. Nilikanyaga, halikusimama."

"Basi leo simamisha. Simamisha kabisa. Nishuke kama mtu."

Mansuri alirudi kwenye usukani. Aligeuza lori, akalirudisha mpaka penye daraja dogo, mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Martina akagonga bodi.

"Hapa panatosha, dereva."

Akakanyaga breki. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini, kitu ambacho dereva hafanyi njiani kwa ajili ya abiria mmoja. Akateremka, akatafuta jiwe kubwa, akaliweka nyuma ya tairi, na lingine mbele ya tairi, ingawa pale ni tambarare. Akafungua mlango wa nyuma, akampokea kikapu kwanza, kisha mkono. Martina alikanyaga chini kwa mguu mmoja, akangoja kidogo, akakanyaga kwa mguu wa pili. Watoto wake walikuwa wamesimama upande wa pili wa daraja, wanamtazama mama yao akiteremshwa kama bibi harusi.

"Mwanvita amesema atapita kesho," Mansuri alisema, ingawa Mwanvita hakuwa amesema. Alijua tu kwamba atapita.

"Asante, dereva," Martina alisema.

Aliondoa mawe, akawasha. Njia nzima hakutazama kioo cha pembeni. Mabenchi yaligongana nyuma kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia wakati yalipokuwa na watu.

Getini palikuwa na mlinzi mgeni kutoka kampuni ya ulinzi, kijana mwenye sare mpya yenye mikunjo ya kukunjwa dukani, asiyemjua mtu yeyote pale wala habari zake zozote. Jua lilikuwa bado halijamalizika. Kijana alifungua geti, akachungulia nyuma ya lori, akaona hakuna mtu, akatazama saa yake na kutabasamu kwa adabu nzuri aliyofunzwa kwao.

"Shikamoo, mzee. Umewahi leo."

Mansuri alikaa na mikono kwenye usukani.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na akaingiza lori ndani.